Umeuliza nani alianzisha shamba la chumvi

Mwanangu Shabani,

Waalaykumu salaam. Unataka mwaka shamba letu lilipoanza na jina la mwanzilishi, uchapishe kwenye mifuko mipya.

Wajomba zako watakujibu upesi: ni babu mzaa babu yako, enzi za Mwingereza, aliyeshika jembe akachimba majaruba matatu, yale mabwawa ya kukaushia maji ya chumvi, nyuma ya mikoko. Ni kweli, alichimba. Lakini kabla yake wanawake wa nyumba ile ile walikwangua udongo wa chumvi pale pale kila kiangazi, wakauchuja kwa maji, wakayachemsha mpaka libaki ganda chini ya chungu. Kuni nyingi, chumvi kiganja. Hao hawakuanzisha kitu? Haya, tuseme ilikuwa ya mboga tu. Hapana, mbona waliwauzia wakaanga samaki.

Mimi neno langu unalijua: chumvi ni ya mwenye lango. Maji ya bamvu, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huku Lindi hujaa karibu saa kumi, jioni na alfajiri, na ya alfajiri hayamngoji aliyelala. Mwezi ukiandama au ukipevuka usipofungua lango la kuingizia maji ya bahari, maji mafu, yale madogo ya katikati, yatakukuta unatazama majaruba yakipasuka. Aliyefungua lango miaka yote ile ni bibi yako. Yeye ndiye aliyeyahamisha maji jaruba hadi jaruba yakizidi kukolea kwa jua na kusi. Leo tuna kipimo cha bome, cha kupima maji yamekolea chumvi kiasi gani: kwenye digrii 25 chumvi inaanza kuganda, ikikaribia 30 unayamwaga maji yaliyobaki, la sivyo chumvi inaingia uchungu. Bibi aliangalia utando juu ya maji, akachovya kidole, akaonja, akatema. Sikuwahi kumsikia mnunuzi akilalamikia uchungu.

Sasa nikukumbushe mwaka 1997, maana wewe ulikuwa unatambaa. Mavuno yalikuwa makubwa hata banda likashindwa, lundo jingine tukalifunika makuti nje. Akaja tajiri mmoja na jahazi, akataja bei nzuri tu. Bibi akataka kuuza. Mjomba wako mkubwa, naye yuko Dar es Salaam, akaleta salamu: msiuze, subirini Ramadhani ikaribie, bei itapanda. Bibi akasema, "Mwanamume amesema." Nilimjua mama yangu, aliposema hivyo alikuwa na maana nyingine. Jahazi likatweka bila gunia letu hata moja.

Kisha ikaja El Niño. Makuti hayakufua dafu. Lundo likawa linapungua mbele ya macho yetu, kingo za majaruba zikabomoka, na lori lisingeweza kufika hata tungetaka: daraja la Mkapa halikuwapo hadi 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na barabara yenyewe ilikuwa tope. Mjomba alipofika hatimaye, viatu mkononi, alisimama bandani akauliza, "Chumvi iko wapi?" Bibi akamwonyesha bahari. "Imerudi kwao. Ifuate ukaiulize bei."

Nacheka hadi leo. Lakini miezi haikupita mingi babu yako akawaita wote, akamkabidhi mjomba ufunguo wa banda na daftari la mauzo, kwa kuwa ndiye mwanamume mkubwa. Bibi hakusema neno. Bamvu lililofuata aliamka akaenda kufungua lango kama kawaida.

Usiniulize kama babu alimdhulumu. Ni baba yangu, amelala. Na mjomba, tusimnyime haki yake: kanuni za kutia chumvi madini joto zilitoka katikati ya miaka ya 1990, kwetu zikafika kwa miguu, na ndiye aliyehangaika kutafuta dawa ya madini joto, akanunua bomba la mgongoni kama la wapulizia korosho, akatufundisha kuchanganya. Bila hilo chumvi yetu ingeishia kwenye ngozi za mbuzi na papa wakavu. Hilo nampa. Ila dawa unaipulizia juu ya chumvi iliyokwisha kuganda, na mtu wa kuigandisha alikuwa nani? Basi, naishia hapo, nisije nikasema.

Kwenye mfuko mwaka usiandike. Mkaguzi hasomi historia, anasoma kama ina madini joto, uzito, na jina la mzalishaji. Jina ukilazimika, weka la bibi. Mjomba wako akinuna mlete kwangu, nitaongea naye mwenyewe.

Bamvu ni wiki ijayo na lango la pili ubao umeoza. Njoo na misumari ya shaba, ile ya chuma uliyoleta imeliwa na kutu yote. Na dawa ya madini joto imebaki chini ya nusu kopo.

Mama yako