Majambazi Nyumbani kwa Bibi Kizee: Majibu kwa Wapenzi wa Filamu

Tangu tulipogusia filamu zinazotengenezwa upya, barua nyingi zilizotufikia zimehusu hadithi moja tu, nayo ni The Ladykillers, iliyotoka Uingereza mwaka 1955 na kutengenezwa tena Marekani mwaka 2004. Kwa wasioijua: mtu mwenye maneno matamu, anayejiita profesa, anapanga chumba katika nyumba ya mjane mzee, kisha anawaingiza wenzake wanne kwa kisingizio cha mazoezi ya muziki. Shabaha yao ni wizi mkubwa. Bibi anapougundua, wanakata shauri la kumuua, na hapo ndipo mambo yanapowaharibikia.

Swali: Mhariri, pokea salamu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Chumbageni, Tanga. Filamu ya zamani niliiona nikiwa kijana, na hii ya pili nimeoneshwa na wajukuu wangu. Wao walicheka mpaka mwisho. Mimi nilicheka mwanzoni, kisha nikabaki natazama tu. Je, ni uzee wangu, au filamu ya pili ina upungufu? Na imekuwaje watu wenye sifa kubwa namna ile washindwe na hadithi ambayo ilikwisha kukamilika?

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Uzee wako hauhusiki hapa, maana nami nilicheka na kunyamaza katika sehemu ambazo nadhani ni zile zile zako.

Tuanze na jambo ambalo watazamaji wengi hulipita haraka: katika filamu zote mbili, wizi wenyewe unafaulu. Mwaka 1955 wezi wanavamia gari la fedha karibu na stesheni ya King's Cross, London, wanapata pauni 60,000, halafu wanamtuma bibi mwenyewe akalichukue sanduku stesheni, kwa kuwa hakuna askari atakayemshuku ajuza mwenye mwavuli. Mwaka 2004 wanachimba handaki kutoka chini ya nyumba ya bibi, katika jimbo la Mississippi, mpaka kwenye hazina ya kasino, na fedha zinatoka. Kinachovurugika ni kile kinachofuata, yaani wanaume watano waliowapiga chenga polisi na walinzi wanashindwa kumwondoa kikongwe mmoja anayesinzia kitini.

Wanashindwa kwa nini? Katika filamu ya kwanza jibu ni adabu, na adabu hiyo ndiyo inayochekesha. Siri ikiwa imekwisha kufichuka, marafiki wa bibi wanafika kunywa chai, na majambazi, ambao wangepaswa kuwa njiani kutoroka, wanajikuta wamekaa sebuleni na vikombe mkononi, wakiitikia mazungumzo ya akina mama. Mwenye nyumba anawakaripia kama watoto waliotoroka madrasa, nao wanainamisha vichwa. Ikifika zamu ya kuua, yule anayejiita Meja anaona afadhali ajaribu kukimbilia juu ya paa na fedha kuliko kumgusa. Karibu kila kifo kinachofuata kinatokana na mtu aliyeshindwa kutenda, au mwenzake aliyemtilia shaka kwa kushindwa huko. Hakuna anayekufa kwa sababu tu mwandishi alihitaji maiti nyingine.

Waongozaji wa mwaka 2004, ndugu Joel na Ethan Coen, waliielewa sehemu hiyo, ila wakairundikia mambo mengine. Kila mwizi amepewa kichekesho chake binafsi: huyu tumbo linamsumbua, huyu hawezi kutamka sentensi bila tusi, huyu anaficha sigara inayowaka ndani ya kinywa, na profesa, anayechezwa na Tom Hanks, anazungumza kwa maneno ya vitabu vya kale mpaka mtu anachoka kumsikiliza. Kila mmoja, ukimtenga, anachekesha. Wakiwa pamoja wanapiga kelele kiasi kwamba ule uzito wa bibi, uliopaswa kuwabana wote, unasikika kwa mbali tu. Matokeo yake ni kwamba kuanzia katikati vifo vinakuja kwa foleni, kimoja kwa saa ya ukutani inayomshtua muuaji, kingine kwa mtu anayechungulia mtutu wa bunduki, na mtazamaji anaanza kuhesabu waliobaki badala ya kuhofu au kucheka.

Lakini nisiidhulumu. Yapo matukio ambayo yangestahili kuingia katika filamu ya kwanza. Kijana mwenye matusi anazabwa makofi na bibi kwa kuchafua nyumba yake kwa maneno, na kura ya kuua inapomwangukia yeye, mkono unakataa kwa sababu bibi anamkumbusha mama yake. Profesa anawaghania akina mama wa kanisani mashairi ya Edgar Allan Poe, nao wanayeyuka. Na bibi, baada ya kujua kila kitu, anatoa masharti: fedha zirudishwe, na wote waende naye kanisani. Muziki wa injili uliosimamiwa na T Bone Burnett unastahili kusikilizwa hata macho yakiwa yamefumbwa.

Kuhusu swali lako la mwisho, husaidia kujua kwamba ndugu hao waliajiriwa kwanza kuandika tu, na uongozaji ulikuwa umepangwa uwe wa Barry Sonnenfeld, ambaye baadaye alibaki kuwa mmoja wa watayarishaji. Hii ndiyo filamu ya kwanza ambamo majina yao wote wawili yaliandikwa kuwa waongozaji. Nadhani, na haya ni maoni yangu, kwamba hadithi waliyoipokea kama kazi ya kuagizwa hawakuipenda kama wanavyozipenda zao wenyewe. Sikubaliani, hata hivyo, na wanaodai kwamba Wamarekani hawakuwa na haki ya kuigusa. Ile ya mwaka 1955, inayosifiwa kuwa ya Kiingereza mno, iliandikwa na Mmarekani, William Rose, na kuongozwa na Alexander Mackendrick, aliyezaliwa Boston na kulelewa Glasgow. Mgeni ndiye aliyeuona ucheshi wa nyumba ile.

Katika kumchagua bibi, filamu zote mbili zilipatia. Katie Johnson wa filamu ya kwanza, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alipata tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora wa kike wa Uingereza, naye Irma P. Hall wa ile ya pili alipewa Tuzo ya Majaji katika tamasha la Cannes mwaka 2004.

Swali: Mimi ni mama wa biashara, Ngamiani, Tanga. Kuna mambo mawili sikuyaelewa katika filamu ya mwaka 2004: kwa nini kasino iko ndani ya boti ilhali ofisi zake ziko nchi kavu, na kwa nini Wamarekani hucheka kila bibi anapokitaja chuo anachokichangia?

Jibu: La kwanza ni sheria. Mississippi iliporuhusu kasino mwaka 1990, ilitaka michezo ya kamari iwe juu ya maji, na ndiyo maana zikajengwa juu ya vyombo vinavyoelea vilivyofungwa gatini. Sheria ililegezwa baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, kilichovirusha baadhi ya vyombo hivyo mpaka nchi kavu. Wezi wetu wanategemea mwanya huo, kwa kuwa kamari lazima ielee lakini fedha zaweza kulazwa chini ya ardhi, na ardhini panachimbika.

La pili lina uchungu ndani yake. Bibi Munson, mwanamke Mweusi, hutuma dola tano kila mwezi kwa Chuo Kikuu cha Bob Jones kilichoko South Carolina. Chuo hicho hakikupokea wanafunzi Weusi mpaka mwaka 1971, na mpaka mwaka 2000 kilikataza wanafunzi wa rangi tofauti kuchumbiana. Bibi hana habari. Anachojua ni kwamba ni chuo cha dini. Polisi wanapomwambia, bila kumwamini, abaki na fedha zote, unajua zitakwenda wapi. Hicho ndicho kichekesho kikali kuliko vyote katika filamu nzima, na hakuna mhusika hata mmoja anayekicheka.

Swali: Je, ni vizuri kucheka watu wakifa? Mume wangu amewakataza watoto wasiitazame. Msomaji wa Korogwe.

Jibu: Mumeo ana haki, ingawa kwa sababu nyingine: Marekani iliipa filamu ya mwaka 2004 daraja la R, yaani la filamu ambazo watoto hawaruhusiwi kuzitazama bila mtu mzima, kutokana na lugha yake chafu. Ile ya mwaka 1955 watoto wakubwa wanaweza kuitazama nanyi. Ama kucheka kwenyewe, mtu aliyewahi kumwona mtani akilala ndani ya kaburi lililochimbwa na kukataa kutoka mpaka alipwe hawezi kushangaa kwamba msiba na kicheko hukaa mkeka mmoja.

Swali: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, Bagamoyo. Pamoja na wenzangu tunataka kuitengeneza hadithi hii kwa Kiswahili, tukiiweka Tanga. Tunaomba ushauri kabla hatujaanza kuandika.

Jibu: Marahaba. Wazo ni zuri, na Tanga inafaa kuliko unavyodhani. Filamu ya kwanza inawatupa maiti katika mabehewa ya mizigo yanayopita chini ya nyumba. Ya pili inawatupa kutoka darajani katika tishari la takataka. Tanga ina vyote viwili: reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893, na bandari ambayo kwa miaka mingi meli zilitia nanga nje na mizigo ikafikishwa gatini kwa matishari. Mimi ningechagua tishari, kwa kuwa reli ingewafanya mwigize filamu ya mwaka 1955 bila kujua.

Tatizo lenu ni muziki. Wezi wa London wanaweka santuri ya mtunzi Boccherini chumbani na bibi anaamini kwamba wanapiga wenyewe. Jaribuni hivyo Tanga, mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Mkisema mnafanya mazoezi ya taarabu, kabla wimbo haujaisha baraza imejaa watu, mzee mmoja anauliza mpiga udi ni nani, na mwingine ameshamtambua mwimbaji aliyerekodiwa. Msilikimbie tatizo hilo, kwa sababu ndilo litakalowapa filamu iliyo yenu: wezi wajifunze kupiga kweli, wasifiwe, na wapate mwaliko wa harusi usiku ule ule waliopanga kuiba.

Tatizo jingine ni upweke. Mjane wa King's Cross anaishi peke yake na kasuku wake. Mjane wa Tanga ana wajukuu, wapangaji, jirani anayeingia kuomba chumvi, na mtoto wa jirani anayelala sebuleni. Nyumba ikiwa tupu bila sababu, mtazamaji hatawaamini. Andikeni kwa nini iko tupu, au iacheni imejaa, na wezi watafute dakika moja tu ya kuwa na bibi faraghani wasiipate filamu nzima.

Adabu haitawasumbua. Mwizi atakayemwamkia bibi kila asubuhi, akaitikiwa, akaulizwa kama amekula, kisha akaandaliwa kahawa na kashata, ana kazi ngumu ya kufanya usiku. Pale bibi wa filamu anapoonwa na polisi kuwa mtu wa visa visivyoisha, wenu anaweza kuwa amekwisha kumchosha mwenyekiti wa mtaa kwa malalamiko ya kila wiki.

Kuhusu sheria: wazo tupu, yaani wezi wanaoshindwa na bibi mwenye nyumba, halimilikiwi na mtu, lakini mwendo wa matukio, wahusika na mazungumzo kama yalivyoandikwa vinalindwa. Mkivifuata kwa karibu, ruhusa ya wenye haki inahitajika, na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ndipo pa kuulizia kabla ya kupiga picha hata moja. Kibali cha Bodi ya Filamu nacho hakikwepeki. Mkifuata niliyoyaeleza kuhusu taarabu na nyumba iliyojaa, huenda mkajikuta na hadithi isiyohitaji ruhusa ya mtu. Mswada wa kwanza ukiwa tayari, tutumieni kurasa za ile kahawa na kashata. Hizo ndizo tutakazozisoma kwanza.