Shangazi, wenzangu wameniachia watoto wote mimi

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni dada wa dei kea huku Tabata, huu mwaka wa pili sasa. Tuko wanne na watoto 23, na kati yao wanne bado wachanga kabisa, wa miezi mitatu minne hivi. Shida ni wenzangu, yaani madam akishatoka tu getini basi, mmoja yuko TikTok, mwingine kajilaza na watoto eti anawabembeleza, wa tatu kila siku mgongo unamuuma, afu TV ni katuni toka asubuhi mpaka wazazi wanakuja. Pampasi nabadilisha mimi, uji nalisha mimi, kutapikiwa mimi. Nikisema kidogo naitwa mnoko, eti nina kiherehere, najipendekeza nipandishiwe mshahara. Nikamwambie madam au nikaushe? Kusema ukweli nimechoka, juzi nilimkaripia mtoto hana hata kosa nikaenda kulia chooni.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hapo pa chooni ndo pamenishtua, maana hao wenzio nao inawezekana walianzia hapohapo.

Mi nilivyokusoma, tatizo kubwa hapo pampasi haina mwenyewe. Watoto 23 ni wa wote, kwa hiyo mtoto akilowa kila mtu anasubiri mwenzie asikie harufu, na wewe pua yako ndo ya kwanza siku zote. Muombe madam agawe watoto kwa majina, kila dada apate mchanga mmoja na wakubwa wanne au watano, majina yabandikwe ukutani wazazi wayaone. Mimi kabla sijaanza kuandika hapa nililea kwenye kituo kimoja, tulikuwa na mwenzetu mmoja mzito kuinuka kama gunia la mkaa, siku alipopewa watoto wake wazazi wakawa wanamuuliza yeye moja kwa moja, mwanangu kala? kalala? hiki kidonda cha nini? Haikupita wiki mbili akawa anatugombeza tukimshikia mtoto wake. Sikudanganyi kwamba wote walibadilika, kuna mmoja aliendelea kusinzia mpaka akaacha kazi akaenda kuuza mitumba, na huko nasikia anaamka alfajiri, sasa sijui ni kitu gani.

Ila na wewe ukishagawiwa wako, uache kubadilisha wa wenzio kimyakimya. Mkumbushe mwenye mtoto, mara moja, bila kununa. Najua itakuuma.

La pili mnapumzika saa ngapi? Sheria ya ajira ya 2004 inasema masaa 45 kwa wiki, na siku ukifanya kazi zaidi ya masaa matano upate saa nzima ya kupumzika, na muda wa ziada ulipwe mara moja na nusu. Sasa nyie labda mnafungua saa 12 asubuhi, mzazi wa mwisho kakwama foleni ya barabara ya Mandela anatokea saa 1 usiku, hapo katikati mtu lazima ajiibie muda, ndo hiyo TikTok. Pangeni zamu ya mapumziko, mtu atoke kabisa chumbani na simu yake, akirudi simu inabaki kwenye pochi. Hili mwende wote wanne kwa madam, uone kama kuna atakayekuita mnoko.

Afu hao wachanga, wameletwa mapema kwa sababu likizo ya uzazi ni siku 84 tu. Sheria hiyohiyo inampa mama mpaka masaa mawili kwa siku ya kwenda kunyonyesha, kwa hiyo aliyeajiriwa jirani hapo mwambieni aje mchana, na nyie mtapumua. TV nayo zimeni, Shirika la Afya Duniani toka 2019 halishauri skrini kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na nyie mnamuwashia siku nzima.

Ila kuna mambo hayasubiri zamu wala kikao. Mtoto kaachwa peke yake na beseni la maji, chupa imeegeshwa kwenye mto mtoto ananyonya mwenyewe, mchanga kalazwa kifudifudi, mtoto kafinywa au kapigwa. Hapo kwanza unamtoa mtoto hatarini, afu madam anajua siku hiyohiyo, wenzio wakuite majina wanayotaka. Madam akipuuza nenda kwa afisa ustawi wa jamii, vituo hivi viko chini yao kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Uvivu wa kutofagia, huo ugombane nao taratibu.

Na huyo uliyemkaripia juzi, kesho asubuhi kampokee wewe getini.