Kwa Afisa Mipango Mpya: Mjenzi Anataka Jibu Kabla ya Nafuu

Utakapoanza kazi katika ofisi ya mipango ya matumizi ya ardhi, utaulizwa mapema sana, pengine hata kabla hujaonyeshwa meza yako, kama uko upande wa wajenzi au upande wa mpango. Mimi nililijibu vibaya swali hilo kwa miaka kadhaa, kwa kuwa nilidhani kila ninapokaza sheria namwumiza mkandarasi na kila ninapoilegeza namsaidia.

Jalada lililonifumbua macho lilikuwa la jengo la ghorofa nne kwenye kiwanja kilichopakana na kijito. Mchoro ulionyesha ukuta wa nyuma umeingia mita mbili ndani ya ukanda wa hifadhi, yaani eneo la kando ya kijito lisiloruhusiwa kujengwa. Kwa kutaka kusaidia, sikuukataa. Niliandika pembeni "uwezekano uangaliwe", nikaupeleka kwa wahandisi wa maji, nao wakaurudisha na maswali, na jalada likazunguka kwa miezi saba. Riba ya mkopo wa kiwanja iliendelea kuhesabiwa, na mafundi waliokwisha kuahidiwa kazi walikwenda kwingine. Hatimaye ukuta ulirudishwa nyuma mita zilezile mbili. "Ungenikatalia siku ileile," mwenye mradi aliniambia, bila hasira, "ningechora upya kwa wiki moja."

Tangu hapo nimeamini kwamba sheria kali inayojulikana humgharimu mjenzi kidogo kuliko sheria laini isiyotabirika. Jiji la New York, Marekani, lilipopitisha mwaka 1916 kanuni zake za ukanda, yaani za kugawa jiji katika maeneo na kusema nini kijengwe wapi na kwa umbo gani, liliyalazimu majengo marefu kurudi nyuma hatua kwa hatua kadiri yanavyopanda ili mwanga ufike barabarani, huku likiruhusu mnara usiozidi robo ya eneo la kiwanja kupanda bila kikomo. Msanifu aliweza kukokotoa umbo linaloruhusiwa akiwa mezani kwake. Jengo la Empire State, lililochorwa chini ya kanuni hizo, lilianza kujengwa Machi 1930 na kufunguliwa Mei 1931. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 1947, ilichagua njia nyingine: karibu kila uendelezaji uombe kibali, na maombi yapimwe moja moja. Njia hiyo humpa afisa nafasi ya kutumia busara, lakini busara huchukua muda, na muda humlemea zaidi mjenzi mdogo mwenye mradi mmoja kuliko kampuni yenye miradi kumi na wanasheria wake.

Kwa hiyo, kagua jalada siku linapopokelewa, na useme yote yanayopungua kwa mara moja. Kudai hati moja leo na nyingine mwezi ujao ni ukatili, hata kama kila dai ni halali. Katika kikao cha awali, kabla michoro haijalipiwa, taja waziwazi yasiyojadiliwa: bonde la mafuriko, hifadhi ya barabara, njia za kutokea wakati wa moto.

Soko la ujenzi litakapodorora utashinikizwa ulegeze hayo hayo. Usikubali, kwa sababu bonde likishajengwa halirudi kuwa bonde, ilhali mdororo hupita. Ukiwa na mamlaka hayo, ongeza muda wa uhai wa vibali, au ruhusu michango ya miundombinu, ile anayotozwa mjenzi, ilipwe kwa awamu, kadiri nyumba zinavyouzwa. Nafuu ya namna hiyo inafika kwenye fedha za mjenzi bila kugusa ramani.

Ipo pia sheria ambayo yenyewe ni mbovu. Ukiona umetoa msamaha wa aina moja mara kwa mara, pendekeza mpango ubadilishwe kwa wote hadharani, badala ya kuendelea kuwasamehe wanaojua mlango wa kugonga. Mimi huandika kila msamaha katika daftari, aina moja kwa ukurasa wake; ukurasa wa idadi ya maegesho ya magari ndio uliojaa upesi kuliko yote.