Shangazi, nimechoka kuitikia "sawa"

*Shikamoo, Shangazi. Nina miaka 34. Kazini wananisifu kwamba sina neno. Nikiwa na wenzangu nacheka wanachokicheka, hata kikiniuma. Nikiwa na ndugu zangu nakubali wanachokubali. Sasa nimeteuliwa kuongoza idara, na kila mtu ananipongeza. Mimi sikitaki hicho cheo. Napenda kazi yangu ya sasa ya kuwafundisha wafanyakazi wapya. Juzi kijana niliyempokea hajui hata kufungua faili nilimkuta anamwelekeza mwenzake, nikashinda na furaha siku nzima. Usiku naandika ujumbe wa kukataa, kisha naufuta. Ijumaa natakiwa kutoa jibu. Dada yangu pekee ndiye aliyeniuliza, "Wewe mwenyewe unakitaka?" Nikamjibu ndiyo. Shangazi, chini ya sura zote hizi, mimi nipo kweli? — Mwenye Sura Nyingi*

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Upo. Ni wewe unayeandika ule ujumbe usiku. Asiye na msimamo hana cha kuandika wala cha kufuta. Angeshapokea cheo na kulala fofofo.

Halafu usijitwishe kosa ambalo si lako. Kuzungumza na mkuu wako tofauti na unavyozungumza na ndugu zako ni adabu, na adabu haijawahi kumfanya mtu mnafiki. Penye shida ni padogo zaidi: unaulizwa swali waziwazi, jibu unalijua, lakini unatoa lile unalodhani wanalitaka. Hapo ndipo pa kushughulikia, wala huhitaji kuyapindua maisha yako yote.

Tena hauko peke yako. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch, wa Marekani, alichapisha matokeo ya jaribio moja. Watu waliketi pamoja wakaonyeshwa mistari, wakatakiwa kusema upi una urefu sawa na mwingine. Jibu lilionekana kwa macho. Ila wote chumbani, isipokuwa mmoja, walikuwa wamepangwa kutaja jibu la uongo kwa sauti. Takriban 3 kati ya kila 4 waliojaribiwa hivyo walifuata uongo wa wenzao angalau mara moja, na wapo waliokiri baadaye kwamba ukweli waliuona, ila hawakutaka kujitenga na wengine. Watu wazima wenye akili zao, na kwa jambo la mistari tu! Sembuse wewe, unayezungukwa na pongezi za watu unaowapenda.

Ninachotaka ukishike ni hiki: alipowekwa chumbani mtu mwingine mmoja tu aliyesema ukweli, waliofuata kundi walipungua sana. Mmoja alitosha. Na wewe huyo mmoja unaye. Alishakuuliza swali, ukamficha. Basi leo, kabla hujamfikiria mkuu wako, mpigie dada yako umwambie: "Ulipouliza nilikujibu ndiyo. Ukweli ni kwamba sikitaki." Usijieleze sana. Ukishaisikia sauti yako ikiyatamka maneno hayo mara moja, mara ya pili huwa nyepesi.

Lakini kabla ya hapo, jichunguze vizuri, maana kutotaka na kuogopa huvaa nguo moja. Jiulize: ningehakikishiwa kwamba nitaimudu kazi hiyo, na hakuna atakayenipongeza wala kunilaumu, bado ningeikataa? Kama jibu ni hapana, basi ni woga, na kwa woga mimi ningekushauri ukipokee cheo ujifunze ukiwa ndani yake. Ila barua yako mwenyewe inanipa picha nyingine. Kuhusu yule kijana umenieleza alikotoka, alipofika na jinsi ulivyofurahi. Kuhusu cheo umenitajia pongezi tu. Kazi yenyewe hukuigusa hata kwa neno moja.

Kuna suala la mshahara pia. Kama wapo wanaokutegemea, kaa chini upige hesabu kwa uaminifu. Kupokea kazi usiyoipenda kwa sababu ya wanao au wazazi wako si kujisaliti, ilimradi uamuzi uwe wako na uujue hivyo.

Ukiona bado hukitaki, usisubiri Ijumaa wala usitume ujumbe. Nenda ana kwa ana, useme: "Nashukuru kwa kuniamini. Nimelifikiria, na sitakipokea cheo hiki. Nataka kuendelea kufundisha." Basi. Tafadhali usizue ugonjwa wala matatizo ya nyumbani. Kisingizio hutafutiwa dawa: ukisema muda hautoshi, utapunguziwa majukumu, na utajikuta unaitikia "sawa" kama kawaida. Akikuuliza mara ya pili, rudia maneno yaleyale kwa upole.

Watu watasema, na wengine watakuona umepoteza bahati. Waache, wana mambo yao ya kurudia.

Na ukiwa bado mbele ya mkuu wako, usiondoke ukiwa umekataa tu. Mwombe akukabidhi kundi lijalo la wafanyakazi wapya, ulipokee tangu siku ya kwanza.