Jibu: Kuanika majina ya waliofungiwa kwa kuchiti

Mkuu, umeuliza kama nyie waandaaji wa ligi ya gemu hapo Sinza mnaweza kurusha majina na namba za waliofungiwa kwa kuchiti. Msithubutu. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililofanya zikusanywe. Namba aliyowapa dogo ili alipie kiingilio si ya kumwaga kwenye grupu. Hata jina la kwenye gemu, kama mtaa mzima unajua ni la nani, linamtambulisha. Na mkimkamata asiye na kosa? Picha ya skrini ikishasambaa hairudi. Mfungieni, mpeni sababu na nafasi ya kujitetea. Wengine watangazieni idadi ya akaunti tu.