Tulidanganyana kwa Miezi Mitatu

Swali lenu la wiki hii liliuliza mzazi afanye nini anapogundua kwamba mwanawe aliye katika shule ya upili ameanza kutumia pombe au dawa za kulevya. Nadhani wengi watajibu kuhusu mtoto: azungumziwe vipi, aadhibiwe au asiadhibiwe, apelekwe kwa mshauri nasaha au kwa mchungaji. Mimi naomba kujibu kuhusu mzazi, kwa sababu kosa langu kubwa halikuwa namna nilivyozungumza na kijana wangu bali namna nilivyowanyamazia wazazi wenzangu. Jibu langu ni kwamba mzazi huyo, kabla juma halijaisha, awatafute wazazi wa marafiki wa mtoto wake na awaambie anachokijua. Kijana wangu amesoma barua hii na ameniruhusu niitume, ila simtaji jina.

Mimi ni fundi wa mapazia mtaani Umoja, hapa Nairobi, na duka langu haliko mbali na soko la Mutindwa. Mume wangu huendesha lori kati ya Mombasa na Malaba, kwa hiyo siku nyingi mzazi aliye nyumbani ni mimi. Mwezi wa Juni 2023 niliitwa na naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya kutwa aliyokuwa akisoma kijana wangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kujieleza kuhusu salio la karo. Mezani palikuwa na mfuko mdogo wa nailoni wenye vipande viwili vya biskuti, nami nikauliza, kwa dhati kabisa, kama kosa la mtoto lilikuwa kula darasani. Mwalimu alinitazama kwa huruma, akanieleza kwamba biskuti hizo hukandwa kwa bangi, kwamba haziachi harufu ya moshi kwenye sare, na kwamba mtoto anayekula kipande na kukaa nusu saa bila kuhisi lolote huongeza cha pili, kumbe cha kwanza hakijaanza kufanya kazi mwilini.

Nilisema amesingiziwa. Tulipofika nyumbani nikampiga kofi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu akiwa darasa la tano. Kisha nikaanza kazi ambayo sasa naiona kuwa mbaya kuliko kofi lenyewe, yaani kazi ya kuficha. Majirani niliwaambia ana homa ya matumbo. Dada yangu nilimwambia shule inafanyiwa ukarabati. Mume wangu, aliyekuwa njiani kwenda Malaba, sikumwambia lolote kwa siku nne. Kijana alikuwa amesimamishwa masomo kwa wiki mbili, na kwa kuwa duka lazima lifunguliwe, alibaki peke yake kuanzia saa moja asubuhi hadi magharibi. Sisemi shule zisiwe na nidhamu, lakini nawaomba walimu wakuu watakaosoma jibu hili walitafakari jambo hilo: adhabu ile ilimpa kijana kitu ambacho hakukipata akiwa darasani, yaani mchana mzima bila mtu mzima karibu naye. Baadaye alinikiri kwamba ni katika wiki hizo mbili ndipo alipoonja pombe kali kwa mara ya kwanza, katika nyumba isiyozidi mwendo wa dakika tano kutoka kwetu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika chama chetu cha akina mama kuna mwenzangu ambaye tumeketi naye kila mwezi kwa miaka sita, na vijana wetu walikuwa darasa moja. Mwezi ule wa Juni nilimuuliza kijana wake yu wapi, akaniambia amekwenda mashambani kumuuguza nyanya yake. Naye akaniuliza kuhusu wangu, nikampa ile habari ya homa ya matumbo. Tulipeana pole. Tulikutana Julai, tukakutana Agosti, na kila mara tuliulizana kuhusu wagonjwa wetu. Mwezi wa Septemba alikuja dukani kuagiza mapazia ya sebuleni, akasimama kimya kwa muda huku ameshika kitambaa, halafu akaniuliza polepole, “Mwenzangu, ile homa ya kijana wako ilikuwa homa gani?” Sikuweza kumjibu. Nilifunga mlango wa duka saa tano asubuhi, tukaketi juu ya marobota ya vitambaa tukalia. Mwanawe na wangu walikuwa wamesimamishwa siku moja, kwa kosa moja, na mfuko ule wa nailoni ulikuwa wa wote wawili.

Tulipomaliza kulia tulianza kulinganisha. Mimi nilikuwa nikitoa pesa za masomo ya ziada ya Jumamosi, yeye alikuwa akitoa pesa za kurudufisha karatasi za mitihani, na hakuna mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza mwenzake kama madai hayo ni ya kweli. Kijana wangu aliaga kwamba anakwenda kusoma kwake, na kijana wake aliaga kwamba anakuja kusoma kwangu. Niliwahi kumsikia mwanangu akitaja jina la kijana mwingine mkubwa kidogo, nami nikadhani ni mchezaji wa timu yao. Mwenzangu alimfahamu kijana huyo kama mtu anayekaa kwenye kibanda kilicho nyuma ya shule. Kila mmoja alikuwa ameshika kipande chake kwa miezi mitatu, na vipande hivyo havikuwa na maana yoyote mpaka vilipowekwa pamoja.

Tuliwatafuta wazazi wa vijana wengine watatu, na Jumapili moja tukakutana kwangu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mkutano wa namna hii unaweza kuharibika upesi sana. Tulikuwa tumekubaliana kabla kwamba kila mmoja ataanza kwa kueleza aliyoyafanya mtoto wake mwenyewe, bila kumtaja wa mwingine, na kwamba kila mmoja atakuwa amemweleza mtoto wake mapema kwamba jambo hilo litasemwa. Nilianza mimi. Mzazi anayeanza kwa kusema “wako ndiye anayemharibu wangu” atajibiwa hivyohivyo, na hakuna litakalojulikana siku hiyo. Pamoja na tahadhari hiyo, baba mmoja alisimama kabla ya chai kuletwa, akasema kijana wake anafuatwa tu na wenzake na kwamba yeye hakuja kuketi katika baraza la walevi, akaondoka. Waliobaki walipaswa kusikia jambo gumu zaidi. Mama mmoja, ambaye ni muuguzi na huwa na zamu za usiku, alitambua tulipokuwa tukilinganisha siku na saa kwamba nyumba ya dakika tano kutoka kwangu ilikuwa nyumba yake. Hakujitetea. Aliuliza tu kama tungependa kuja kuiona. Tulikwenda, na nyuma ya tangi la maji tukapata chupa tupu za robo lita za pombe kali, zile ambazo vijana wanne huchanga shilingi mia moja kila mmoja na chenji ikabaki.

Kuhusu chupa hizo, sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wengi bado huiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuuziwa pombe, wala pombe kuuzwa katika vifuko au chupa ndogo kuliko mililita 250, wala baa kufunguliwa ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto walio chini ya umri huo. Tulihesabu hatua kutoka lango la shule hadi baa iliyo karibu, na hata kwa hatua fupi za wanawake hazikufika mia mbili. Tulipeleka malalamiko kwa maandishi tukiwa wazazi wanne. Baa ile bado ipo. Kile kibanda cha nyuma ya shule, ambacho hakikuwa na leseni yoyote, kilihama katika muda wa siku tisa baada ya sisi wanne kwenda pamoja, mchana kweupe, na kumsalimu mwenye nacho.

Tulifundishana pia majina, kwa maana hakuna aliyeyajua yote. Mmoja alijua kuba, tumbaku ya kuweka mdomoni inayokuja katika pakiti ndogo mtu akaidhania majani ya chai. Mwingine alijua vifaa vya kuvuta mvuke wenye harufu ya matunda. Muuguzi alituonya kuhusu bugizi, vidonge vya usingizi ambavyo vikichanganywa na pombe vinaweza kupunguza kasi ya kupumua mpaka mtoto asiamke, akasema kwamba mtoto wa namna hiyo hapelekwi kitandani bali hospitalini, usiku huohuo. Vilevile alitueleza kwamba kijana aliyekwisha kunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiachishwe ghafla nyumbani bila daktari, kwani mwili unaweza kupata degedege. Na muguka je, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa? Baba aliyebaki nasi alikuwa akiutafuna kila jioni mbele ya watoto wake, na alikuwa wa kwanza kusema kwamba hakuwahi kuuhesabu kuwa kileo.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba mambo ya nyumbani hayapelekwi nje na kwamba mtoto atachafuliwa jina mtaani. Nililifikiria sana. Lakini utafiti wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 uliripoti kwamba Mkenya mmoja kati ya kila sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65 hutumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya. Nikikumbuka hilo, nikakumbuka mikutano ya wazazi niliyohudhuria, ambapo mwalimu huuliza kama kuna mwenye swali kuhusu mihadarati na ukumbi mzima ukatazama sakafu, sioni jinsi ninavyoweza kuamini kwamba ukimya ule ni wa watu wasio na la kusema. Wenye kuhamisha watoto wao shule kimyakimya muhula unapoisha, kama nilivyokuwa nimepanga kufanya mimi, wanaiachia shule ya zamani muuzaji na kuipelekea shule mpya mteja.

Wala sidai kwamba kuambiana kuliponya kitu. Mshauri nasaha aliyemsaidia kijana wangu tulielekezwa kwake baada ya kupiga simu 1192, namba ya NACADA ambayo mtu hupiga bila malipo, na tulikwenda kwake kwa miezi saba, mara nyingine kijana akiwa amenuna tangu tunapopanda matatu hadi tunaporudi. Mume wangu aliacha kuweka bia kwenye friji. Hakuniambia, niliona tu nafasi imebaki wazi. Mambo hayo yote ni ya lazima, na mzazi asiyafanye nusunusu. Ninachosema ni kwamba peke yangu ningejua habari za kijana wangu baada ya kila mtu.

Mnakumbuka mvua za mwaka 2024. Shule zilipaswa kufunguliwa mwishoni mwa Aprili, serikali ikaahirisha kwa sababu ya mafuriko, ikaahirisha tena, na watoto wakarejea darasani tarehe 13 Mei. Hizo zilikuwa wiki mbili za ziada ambazo hakuna mzazi aliyezipangia, na vijana walikaa bure huku sisi tukihangaika na kazi. Tuligawana siku: Jumatatu na Alhamisi walikaa dukani kwangu wakikata vitambaa, siku nyingine walikuwa kwa mwingine. Hata hivyo jioni moja wawili waliteleza, wangu akiwa mmojawapo. Saa tatu usiku yule muuguzi alinipigia simu akiwa kazini, akaniambia kwamba mwanawe amempigia kwa hofu na kumweleza walikokuwa. Saa nne kasoro nilikuwa nimemfikia kijana wangu kwenye ngazi za ghorofa moja, analowa, ananuka pombe, lakini anapumua vizuri na ananijua. Sikumpiga. Tuliketi jikoni mpaka akala uji, na mazungumzo yetu tukayaacha hadi kesho yake saa sita, alipokuwa na akili zake, kwa kuwa kumhoji mlevi ni kugombana na chupa.

Mwaka uliopita alifanya mtihani wa kidato cha nne. Siku hizi anajifunza useremala wa alumini na hukaa na pesa zake mwenyewe, jambo ambalo bado hunikosesha usingizi mwisho wa wiki. Sisi wazazi wanne tunaendelea kukutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na wamejiunga wengine watano wenye watoto wadogo kuliko wetu.

Yule baba aliyeondoka kabla ya chai hakurudi. Kijana wake namwona steji, mara nyingi asubuhi ambapo wenzake wako kazini, macho mekundu, na kila ninapopita namwita kwa jina lake naye huniitikia kwa adabu. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nimekwisha kufanya wajibu wangu kwa nyumba ile. Wiki iliyopita, baada ya kusoma swali lenu, niliitafuta namba ya mama yake katika orodha ya zamani ya wazazi wa darasa, nikapiga. Nilianza kwa kumweleza kuhusu homa ya matumbo. Tulizungumza kwa dakika arobaini, na kesho saa nane mchana anakuja dukani.