Muulize Fundi wa Fimbo: Nipimwe sasa, au ningoje mkono ukomae?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina miaka 34, urefu wangu futi 6 na inchi 3, nafanya kazi Nairobi. Nimeanza gofu miezi mitano iliyopita kwa fimbo za kuazima. Mpira wangu unapinda kulia, na draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, ndiyo mbaya kuliko zote. Nilipita duka moja nikapigishwa mipira ishirini mbele ya mashine, nikaambiwa tatizo ni fimbo, nitengenezewe seti nzima ya fimbo 14 kwa vipimo vyangu. Bei yake ni mshahara wangu wa miezi miwili. Kocha naye anasema nisithubutu mpaka handikapu, ile namba inayoshuka kadiri mchezo unavyokua, ifike 18. Nimsikilize nani?
*Mrefu wa Lang'ata*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kila mmoja kakwambia nusu ya kweli, ila nusu ya dukani ndiyo inayokula mshahara.

Nianze na draiva, kwa sababu umeitaja mwenyewe na hujui kwamba umeshajijibu. Fimbo isiyolingana na mwili hupeleka mpira kombo hasa kwa mlalo wake, yaani ile pembe kati ya shafti (mti wa fimbo) na ardhi. Mtu mrefu akishika fimbo fupi iliyolala sana, ncha ya kichwa cha fimbo hugusa chini na kisigino chake, upande ulio karibu na shafti, huinuka, na uso wa fimbo ukaangalia kulia. Lakini kosa hilo linategemea uso umeinama kiasi gani. Kwenye weji, fimbo ya kupigia karibu, ambayo uso wake umeinama sana kwenda nyuma, linaonekana sana. Kwenye draiva, ambayo uso wake unakaribia kusimama wima, halionekani sana. Sasa wewe draiva ndiyo inayokwenda kulia zaidi! Huo ni mkono, bwana. Uso unafika kwenye mpira ukiwa wazi, na hilo halitibiwi na fundi wa aina yoyote. Hilo ni la kocha wako.

Hata hivyo kocha wako naye kuna jambo analisahau, na mimi nalijua kwa kuumia. Seti yangu ya kwanza niliachiwa na mhandisi wa meli aliyekuwa akirudi kwao. Nilikuwa kedi, mbeba fimbo za wachezaji, pale Mombasa Golf Club, uwanja wa mashimo tisa kwenye jabali la Mama Ngina, meli zinapita chini yako zikiingia Kilindini. Mhandisi alikuwa mlingoti wa mtu. Mimi ni futi 5 na inchi 4. Nikachukua msumeno wa chuma nikakata kila shafti inchi moja na nusu kutoka juu, kwenye gripu, pale pa kushikia. Hakuna aliyeniambia kwamba shafti ukiifupisha inakuwa ngumu zaidi, na kichwa kinakuwa chepesi mkononi kana kwamba kimeng'oka. Nikaenda kwa wavuvi Likoni nikaomba chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, nikaiponda kwa nyundo mpaka ikawa bapa kama chapati, nikaigandisha kwa gundi nyuma ya ayani 7, fimbo ya chuma ya masafa ya kati. Kwenye shimo la tatu ikachomoka, ikampita sikioni bwana niliyekuwa nacheza naye. Nadhani iko baharini.

Chubwi ilikuwa kichekesho tu. Hasara yenyewe ni miaka mitatu niliyocheza na fimbo zile. Mikono ilijifunza kujikunja ili kuzifidia, na siku nilipopata fimbo za kunitosha, mikono ikaendelea kujikunja vilevile. Kuiacha tabia ile kulinichukua muda mrefu kuliko kujifunza gofu kwenyewe. Kwa hiyo kungoja handikapu 18 ukiwa na fimbo zisizokufaa kabisa, kwa urefu wako, sikubali.

Mwili wako umeshakoma kukua, lakini mpigo wako ndio kwanza unaota meno. Vipimo vya mwili vichukue leo. Vipimo vya mpigo, yaani uzito na ugumu kamili wa shafti na draiva ya aina gani, viache kwanza. Omba hilo duka karatasi ya mashine, uangalie mipira yako ishirini ilitua wapi. Kama imetawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe, basi wamepima wastani wa mtu ambaye hayupo.

Kipimo cha kwanza ni bure. Vaa viatu vyako vya gofu, simama wima, mikono ining'inie, kisha mtu akupime kwa utepe wa fundi cherehani kuanzia kwenye kikunjo cha kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, hadi sakafuni. Ikiwa inchi 34 hadi 36 hivi, fimbo za kawaida zinakutosha na maneno yameisha. Kwa urefu wako nategemea 38 au zaidi, ila kuna warefu wenye mikono mirefu kama ngazi, na hao fimbo ya kawaida huwatosha vizuri tu. Ndiyo maana tunapima mkono, hatutazami kimo.

Cha pili kinahitaji kalamu ya wino ile ya ubao mweupe. Chora mstari mnene kwenye mpira, uweke mpira chini mstari ukiwa umesimama wima upande unaopigwa, upige kwa ayani 7. Wino utahamia kwenye uso wa fimbo. Mstari huo ukisimama wima, mlalo ni sawa. Mstari ukiinamia kisigino cha fimbo, fimbo imelala mno kwako. Mstari ukiinamia ncha, imesimama mno. Piga kumi, usiamini mmoja.

Ukishajua hayo, tafuta seti iliyotumika. Ayani za kampuni ya Ping zina doti ya rangi kwenye kichwa, utaratibu ulioanzishwa na Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norwei. Nyeusi ni mlalo wa kawaida, nyekundu imelala, bluu imesimama kidogo na kijani zaidi. Kipimo kikitoka 38 na wino ukiinamia kisigino, mtu akikuta doti ya bluu au kijani, na shafti ndefu kwa nusu inchi, asiulize mara mbili. Angalia tu wasiongeze urefu bila hesabu: shafti ikirefushwa, mlalo nao unasimama zaidi.

Na 14 za nini? Sheria inasema zisizidi 14, haijasema zisipungue. Pata ya kusukumia mpira shimoni, weji ya mchangani, weji ya kawaida, ayani 9 na 7, haibridi moja (mchanganyiko wa ayani na mbao) na fimbo moja ya mbao: saba zinakutosha mwaka mzima, na kedi atakushukuru. Pesa itakayobaki mpe yule kocha.

Ukija pwani usishtuke ukifupisha kila mpira. Nairobi iko juu, hewa nyepesi. Ayani 7 inayokufikisha yadi 160 huko, hapa kwetu huishia 150 hivi, na kusi ikivuma ndiyo usiseme.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimeanza kucheza hapa Dar kwa fimbo za zamani za mume wangu, za chuma, zina herufi S. Nachoka kabla ya shimo la sita. Nimeambiwa nikizikata inchi mbili zitanifaa. Ni kweli?
*Mama wa Mbezi*

JIBU: Marahaba binti yangu. Habari za msumeno umeshazisoma hapo juu. S ni shafti ngumu, ya mtu mwenye mpigo wa kasi, na ya chuma ina gramu 120 hivi. Za kike za grafaiti huwa gramu 50 hadi 60. Ukikata inchi mbili unapunguza gramu chache tu na kuongeza ugumu, halafu siku mumeo akizitaka utamwambia nini? Tafuta hafu seti ya kike iliyotumika, hata ya zamani. Kisha kagua gripu: shika kwa mkono wa kushoto kama unacheza mkono wa kulia. Ncha za kidole cha kati na cha pete ziguse kiganja kidogo tu. Zikizama, gripu ni nyembamba. Zisipofika, ni nene. Kubadilisha gripu ndiyo kazi rahisi kuliko zote za karakana. Nazungusha tepu chini yake, napaka petroli ipate kuteleza, naisukuma, na kesho yake unacheza.

SWALI: Fundi, mwanangu wa miaka minane anatumia mkono wa kushoto. Nimkatie draiva yangu ya zamani ya mkono wa kulia aanze nayo?
*Baba, Kisumu*

JIBU: Usikate. Kichwa kitabaki kizito vilevile na mtoto atakizungukia yeye badala ya kukizungusha. Mnunulie fimbo mbili za watoto za kimo chake, pata na ayani. Kuhusu mkono, mpe fimbo ya kila upande aokote mwenyewe anayoitaka. Phil Mickelson, yule mchezaji gofu maarufu wa Marekani, ni mtu wa mkono wa kulia kwa kila jambo, ila gofu alijifunza akimtazama baba yake uso kwa uso kama kioo, akabaki kushoto.